Herufi ya Offenbach Iliyopewa Uafrika: Historia ya Neuland na Istilahi Zetu za Uchapaji

Istilahi hupata maana yake kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya mtungaji, ambaye hulipa neno maana anayoikusudia. Njia ya pili ni ya watumiaji, ambao hulipeleka neno wanakotaka wao. Sisi tunaofanya kazi ya istilahi tunazifahamu njia hizi, na tunafahamu pia ya kuwa mara nyingi ile ya pili huishinda ya kwanza. Lisilofikiriwa sana ni kwamba jambo hili halihusu maneno peke yake. Hata umbo la herufi, yaani jinsi A au M ilivyochongwa, huweza kupewa maana ambayo mchongaji hakuikusudia, na maana hiyo ikajulikana duniani kuliko jina la mchongaji mwenyewe.

Katika makala haya tutaeleza historia ya herufi za namna moja ziitwazo Neuland. Zilitengenezwa Ujerumani mwaka 1923, nazo tangu miaka mingi zimekuwa zikionekana juu ya majalada ya vitabu na matangazo kama alama ya Afrika. Tunaieleza historia hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, inatusaidia kutenganisha dhana mbili za uchapaji ambazo siku hizi huchanganywa. Pili, inatuonya juu ya tafsiri moja ambayo ni nyepesi kuiandika lakini haina ukweli ndani yake.

Mchongaji na kazi yake

Rudolf Koch alizaliwa Nürnberg mwaka 1876. Mwaka 1906 aliingia katika kiwanda cha kusubu herufi katika mji wa Offenbach, jirani na Frankfurt, kiwanda kilichojulikana kwa jina la ndugu waliokimiliki, yaani Klingspor. Tangu mwaka 1908 alikuwa pia mwalimu wa uandishi wa herufi katika shule ya ufundi ya mji huo. Alikuwa Mlutheri mcha Mungu, mtu wa kalamu na patasi, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa zile herufi nyeusi zenye pembepembe ambazo Wajerumani walizitumia kwa karne nyingi. Lakini hakufungwa na namna moja. Mwaka 1927 zilitolewa herufi zake ziitwazo Kabel, ambazo ni nyoofu na safi kana kwamba zimepimwa kwa bikari na rula. Alifariki mwaka 1934.

Ili msomaji auone upya wa Neuland, hapana budi tueleze kwanza jinsi herufi za risasi zilivyotengenezwa. Kwa desturi ya zamani, fundi aliichonga herufi juu ya ncha ya kipande cha chuma cha pua, ikiwa imegeuka kama ionekanavyo katika kioo. Chuma hicho kiligongwa juu ya shaba, kikaacha shimo lenye umbo la herufi, na shaba hiyo ndiyo iliyokuwa kalibu. Risasi iliyoyeyushwa ilimiminwa katika kalibu, ikapoa, ikatoka herufi. Kazi ilirudiwa kwa kila herufi na kwa kila ukubwa. Kufikia wakati wa Koch, viwanda vilikuwa na mashine za kufuatisha mchoro, hivi kwamba mchoro mmoja wa karatasi uliweza kuzaa herufi za ukubwa mbalimbali zilizofanana kabisa.

Koch aliiacha njia hiyo. Neuland aliichonga kwa mkono wake moja kwa moja katika chuma, pasipo kuchora karatasini kwanza. Matokeo yake yanaonekana wazi. Herufi ni kubwa tupu, maana herufi ndogo hazikutengenezwa. Mistari yake ni minene, na kingo zake zimekatwa kwa mikato mifupi iliyonyooka hata pale ambapo herufi nyingine zingekuwa na mviringo laini. Hazina vile vistari vidogo vya miguuni na vichwani mwa herufi, ambavyo katika makala haya tutaviita vikono. Zikipangwa kwa kubanana, ukurasa huwa mweusi kama ubao uliopakwa wino, na weupe uliobaki kati ya herufi huonekana kana kwamba ndio uliochongwa. Liko pia toleo ambalo kila mstari mnene umepasuliwa katikati kwa mstari mwembamba mweupe.

Jina nalo lastahili kuelezwa. Kwa Kijerumani, neno hilo ni ardhi mpya, ardhi ambayo bado haijalimwa. Mtu anayeanza kazi ambayo hajapata kuifanya husemwa ameingia katika ardhi ya namna hiyo. Jina hili laifaa kazi ya fundi aliyeweka kando karatasi akaanza na chuma.

Istilahi mbili, si moja

Hapa ndipo historia hii inapoigusa kazi yetu ya kila siku. Kwa kuwa Koch aliuchonga kila ukubwa peke yake bila mchoro wa kufuata, M ya ukubwa mmoja si sawa na M ya ukubwa mwingine.  Hata hivyo, mtu azitazamaye zote husema bila kusita ya kuwa zote ni Neuland.

Basi ni nini kilicho kimoja, na ni nini kilicho kingi? Kilicho kimoja ni wazo la umbo: uzito wake, mikato yake, ukoo unaozifanya herufi zote zitambulikane kuwa ndugu. Kilicho kingi ni zile seti zilizosubiwa, kila seti kwa ukubwa wake, ambazo mpiga chapa alizinunua na kuziweka katika visanduku vyake. Wachapaji wa Ulaya walikuwa na neno moja kwa dhana ya kwanza na neno jingine kwa dhana ya pili. Neno la dhana ya pili ndilo tulilolipokea sisi kwa umbo la fonti, nalo asili yake ni neno la Kifaransa lenye maana ya kuyeyusha na kusubu. Fonti, kwa asili, ni kile kilichotoka katika kalibu.

Kompyuta iliuondoa mpaka huo. Katika kompyuta mchoro mmoja hupanuliwa na kupunguzwa kadiri mtumiaji apendavyo, na kwa hiyo hakuna tena seti ya kila ukubwa. Matoleo ya Neuland yaliyotengenezwa kwa ajili ya kompyuta kwa kawaida yana umbo moja kwa ukubwa wote, na zile tofauti ambazo mkono wa Koch uliziacha zimepotea. Neno fonti nalo limepanuka, hata leo katika ofisi zetu latumika kwa dhana zote mbili. Kwa kazi ya barua hakuna hasara. Lakini mwalimu wa uchapaji, au mfasiri wa kitabu cha historia ya vitabu, hawezi kuieleza Neuland kwa neno moja tu. Atajikuta akiandika ya kuwa fonti hii ina fonti nyingi zisizofanana, na msomaji hataelewa.

Kwa dhana ya kwanza tunalo neno sura. Ubaya wake ni kwamba katika mambo ya vitabu sura ni pia sehemu ya kitabu, na mtu akisema sura ya kitabu hiki ni nzito hatujui kama anasema juu ya mambo yaliyoandikwa au juu ya herufi. Tunalo pia neno hati, ambalo kwa Waswahili wa zamani lilikuwa na maana hiyo hasa: mtu mwenye hati nzuri ni yule ambaye mwandiko wake wapendeza. Lakini leo hati ni ya nyumba, ya shamba na ya mashtaka, na si rahisi kuirudisha katika kiwanda cha chapa. Kwa hiyo twaona yafaa kusema sura ya herufi, kwa ukamilifu wake, kwa dhana ya umbo, na kuliacha fonti libaki kwa seti inayotumika. Neuland ni sura moja ya herufi; Koch alichonga fonti zake nyingi.

Jinsi uafrika ulivyoingia

Katika Neuland yenyewe hamna kitu kilichotoka Afrika. Aliyeichonga ni Mjerumani, alfabeti ni ya Kirumi, na chuma ni cha Offenbach. Mwaka huo huo wa 1923, gazeti la Mambo Leo lilianza kutolewa Dar es Salaam na Idara ya Elimu, na Waafrika waliolisoma waliisoma lugha yao katika herufi za kawaida za Kirumi. Ni vipi basi herufi za Offenbach zikapata kuitwa za Kiafrika?

Sehemu ya jibu iko Ujerumani kwenyewe. Mwaka 1905 lilianzishwa katika mji wa Dresden kundi la wasanii lililojiita Daraja, yaani Die Brücke. Mmojawapo alikuwa Ernst Ludwig Kirchner. Wasanii hawa walizitazama katika jumba la makumbusho la mji wao sanamu za Afrika na za visiwa vya Bahari ya Kusini, vitu ambavyo ukoloni ulikuwa umevileta Ulaya, nao wakachonga picha za mbao zenye mikato mikali. Hivyo macho ya Wazungu yakazoeshwa kuviweka pamoja vitu viwili: mkato wa patasi usiolainishwa, na Mwafrika. Herufi yenye mikato kama hiyo ilipotokea, maana ilikuwa inaingoja.

Sehemu ya pili iko Marekani. Huko Neuland ilipokewa na watengenezaji wa matangazo, kwa kuwa ni herufi inayoonekana toka mbali. Kidogo kidogo ikawa desturi kuiweka juu ya majalada ya vitabu vilivyohusu Afrika au Waamerika Weusi, hata mnunuzi akajua habari za kitabu kabla ya kusoma neno. Mwaka 2004 mbunifu wa Kimarekani, Rob Giampietro, aliandika makala yaliyoieleza desturi hiyo na kuikosoa. Pamoja na Neuland aliitaja sura nyingine ya herufi, Lithos, iliyochorwa na Carol Twombly na kutolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1989. Lithos ilitokana na maandishi ya Wayunani wa kale yaliyochongwa katika mawe, na jina lake ni neno la Kiyunani lenye maana ya jiwe. Nayo pia haikuchelewa kupewa uafrika.

Jambo la kutazamwa kwa makini ni kwamba Afrika si mahali pekee ambapo Neuland imetumwa. Jina la sinema Jurassic Park, ya mwaka 1993, liliandikwa kwa herufi za namna yake, na sinema hiyo ni habari ya wanyama waliokwisha kutoweka duniani mamilioni ya miaka iliyopita. Namna hiyo hiyo ya herufi ilitumika juu ya sigara za Kimarekani zenye picha ya Mhindi Mwekundu. Tukiyaweka matumizi haya pamoja, maana ya kweli ya herufi hizi yajitokeza. Afrika ni sehemu tu ya maana hiyo. Maana yenyewe ni kila kitu ambacho mwenye kuuza anataka kionekane kiko mbali na mji wake na wakati wake. Mwafrika, Mhindi Mwekundu na mnyama wa kale wametiwa katika kapu moja, na kapu hilo limeandikwa kwa herufi zisizo na hata ndogo moja.

Majina ya nchi katika majina ya herufi

Wafasiri watasema, na ni haki yao, ya kuwa majina ya herufi tangu zamani yamekuwa majina ya nchi. Ni kweli, lakini si majina yote yasemayo ukweli. Herufi za mlazo huitwa kwa lugha nyingi herufi za Kiitalia, na jina hilo ni la haki: zilichapwa kwanza Venice na Aldus Manutius, na mwaka 1501 alitoa kitabu kizima kwa herufi hizo. Herufi za Kimisri ni habari nyingine. Baada ya vita vya Napoleon huko Misri vilivyoanza mwaka 1798, kila kitu cha Misri kilipendwa Ulaya. Mwaka 1816 William Caslon wa Nne, wa London, alilitumia jina la Kimisri kwa herufi zisizo na vikono kabisa. Baadaye jina hilo likahamia kwa herufi zenye vikono vinene vya mraba. Jina moja likabeba vitu viwili vilivyo kinyume, na Mmisri hakuulizwa kwa chochote.

Mfano wa tatu uko karibu nasi zaidi. Ile sura ya herufi yenye kivuli na mapambo iitwayo Algerian, ambayo huja pamoja na programu za ofisi na kupamba vyeti na mabango, ilitoka katika kiwanda cha Stephenson Blake cha Sheffield, Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 20. Karani anayeichagua kwa ajili ya cheti cha shule haandiki Kialjeria. Anaandika mapambo ya Waingereza wa zama za Malkia Victoria.

Herufi zilizochongwa kwetu

Ikiwa mtu ataka kuona herufi zilizochongwa na mikono ya pwani ya Afrika Mashariki, zipo. Katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yamo maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa Kikufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Ncha za herufi zake zimefumwa kama majani na maua, na mistari yake ni myembamba iliyopimwa. Milango ya Zanzibar na Lamu nayo imechongwa nakshi, na katika mingi maandishi yamo kwenye kizingiti cha juu. Mchongaji wa pwani alishika patasi ili jiwe na mbao vilainike. Alama inayosemwa kuwa ni ya Afrika, yaani mkato mnene usiolainishwa, ni kinyume cha kazi yake.

Na nje ya pwani, Waafrika wametunga maandishi yao wenyewe. Waethiopia wana herufi za Ge'ez tangu kale. Huko Liberia, katika miaka ya 1830, Momolu Duwalu Bukele alitunga maandishi ya Kivai. Huko Kameruni, Sultani Njoya wa Bamum aliyaanza maandishi yake mwishoni mwa karne ya 19, na akajaribu hata kutengenezewa herufi za shaba za kuchapia. Mwaka 1949 Solomana Kanté alitunga maandishi ya N'Ko, ambayo hutumika hata leo Afrika Magharibi. Mtu akisema herufi za Kiafrika, hizi ndizo zenye haki ya jina hilo.

Mapendekezo

Kwa hayo yote, tunaweka mbele ya wasomaji mapendekezo yafuatayo:

(a) Sura ya herufi litumike kwa dhana ya umbo lenye jina lake, na fonti kwa seti inayotumika, ya risasi au ya kompyuta.

(b) Herufi za matini ziwe zile za kusomwa kwa muda mrefu, kama katika kitabu au gazeti. Herufi za vichwa ziwe zile za maneno machache, kama kichwa cha habari, bango au jalada. Neuland ni ya kundi hili la pili. Kwa Kiswahili jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa maneno yetu hurefuka kwa viambishi: neno kama WATAKAOANDIKISHWA, likichapwa kwa herufi nene zilizobanana, halisomeki upesi, na bango la serikali lisilosomeka upesi halina kazi.

(c) Herufi za nakshi ziwe zile zilizoongezewa mapambo, kama Algerian. Na herufi za mchongo ziwe zile zinazoonyesha mkato wa patasi, kama Neuland.

(d) Mfasiri akikuta katika orodha ya kigeni Neuland au zinazofanana nayo zikiitwa za Kiafrika, za kikabila au za kishenzi, asiyageuze maneno hayo jinsi yalivyo. Aandike herufi za mchongo. Ikiwa kitabu chenyewe chahusu desturi ya kuziita hivyo, basi aandike zilizoitwa za Kiafrika, ili msomaji ajue kuna aliyeziita.

Huenda mtu akatujibu kwa maneno yetu wenyewe: kama watumiaji humshinda mtungaji, na kama watumiaji wamekwisha kuipa Neuland uafrika, sisi ni nani kuyakataa matumizi? Jibu letu ni kwamba yafaa kuuliza watumiaji hao ni akina nani. Walioyaweka maana hayo juu ya herufi hizi hawakuwa wasemaji wa Kiswahili, wala hawakusema kwa Kiswahili. Mchora mabango wa mjini kwetu anayezipenda herufi za mchongo kwa uzito wake hana kosa, na hatumzuii. Lakini jina la Kiswahili la herufi hizo bado halijakaa katika vinywa vya watu. Mwanafunzi atakayejifunza uchapaji kwa lugha hii atalipokea jina tutakalompa, na akiambiwa ya kuwa herufi nene zisizolainishwa ndizo za Kiafrika, hatakuwa na sababu ya kwenda kutafuta ya Kizimkazi. Katika jambo hili ardhi bado haijalimwa, na ni vema tuchague mapema cha kupanda. Wachapaji, walimu na wafasiri wenye majina mengine wanayoyatumia kazini wanaombwa wayalete kwa Baraza, pamoja na mifano ya matumizi yake.